Demio au Forester? Nilichomeka kifaa nikapima

Haya basi, wiki hii tunaacha mambo ya seva na hifadhidata tuongee kuhusu magari. Usiondoke bado. Kuna hesabu, kuna msimbo kidogo wa Python, na kuna ugomvi wa kifamilia.

Ugomvi wenyewe ni huu. Mimi naendesha Mazda Demio la 2014, injini ya 1300cc, nililonunua mwaka 2021 likiwa limetoka Japani. Kaka ya mke wangu ana Subaru Forester la 2000cc. Kila tukikutana swali lake ni lile lile: "Shemeji, hicho kikombe utakiendesha mpaka lini?" Kwa miaka mitatu nilicheka tu. Halafu nikajikuta nimejaza fomu ya mkopo wa SACCO, wadhamini wameshatia sahihi, na picha za Forester zimejaa kwenye simu yangu.

Si maneno ya shemeji yaliyonifikisha hapo, ni Aprili 2024. Mnakumbuka mvua ile. Mama yangu anaishi Kinangop Kusini, kaunti ya Nyandarua, kilomita nne kutoka kwenye lami. Ukitoka Nairobi unafuata barabara ya Nakuru, ukifika Flyover unakata kulia kwenda Njabini, na mpaka hapo hata baiskeli inatosha. Shida inaanza ukiacha lami. Udongo wa Kinangop ni mfinyanzi usiopitisha maji. Ukilowa unakuwa sabuni juu na gundi chini. Mama alishikwa na kifua usiku, nikatoka Ruiru saa tisa, na Demio likazama mpaka kwenye bampa mita mia tatu kabla ya lango lake. Mia tatu! Nilimaliza kwa miguu. Aliyempeleka mama hospitalini ni jirani mwenye pikapu ya kukusanyia maziwa, amefunga minyororo kwenye magurudumu. Mama alipona. Lakini ukishatembea kwenye matope gizani huku ukiwaza kama utamkuta mzazi wako hai, picha za Forester zinaanza kuonekana nzuri sana.

Mkopo ulikuwa wa shilingi laki nane, juu ya pesa ambazo ningepata kwa kuuza Demio. Kabla ya kupeleka fomu nilifanya kile ambacho mwandishi wa programu hufanya akibishaniwa: nikatafuta data.

Chini ya usukani wa magari mengi ya miaka hii kuna tundu la OBD, lile ambalo fundi huchomeka mashine yake kusoma hitilafu. Vifaa vya kuchomeka hapo vinavyoitwa ELM327 vinauzwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili, na vinaongea na simu au tarakilishi kwa Bluetooth. Kutoka kwenye tundu hilo unaweza kusoma kasi, mizunguko ya injini, na hewa inayoingia, gramu kwa sekunde. Hiyo ya mwisho ndiyo tamu. Petroli huungua vizuri kwa uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, kwa hiyo ukigawanya hewa kwa 14.7 unapata petroli, na kutoka gramu kwenda lita ni hesabu ya shule ya msingi. (Toleo langu la kwanza lilinidanganya. Ukiondoa mguu kwenye mafuta kwenye mteremko injini hukata petroli kabisa ingawa hewa bado inapita. Nilipoteza Jumapili nzima kutafuta kosa hilo.)

Nikapima Demio mwezi mmoja. Kisha nikamwomba shemeji tubadilishane magari kwa wiki mbili. Alikubali kwa furaha, akidhani nimeshaanza kulainika.

Njia ni ile ile: Ruiru hadi Westlands na kurudi, kama kilomita 45 kwa siku, Thika Road asubuhi na jioni. Wastani wa kasi yangu ulikuwa kilomita 19 kwa saa. Karibu robo ya muda gari lilikuwa limesimama likiunguruma. Demio lilinipa kilomita 13 kwa lita, Forester kilomita 8. Kwa kilomita 1000 za mwezi tofauti ni lita 48. Oktoba 2023, EPRA ilipoweka petroli ya Nairobi shilingi 217.36 kwa lita, tofauti hiyo ingekuwa kama elfu kumi na nusu kwa mwezi. Hata ukiiweka lita 180, ni 8,640. Hapo hatujagusa mkopo wala matairi ya inchi 17.

Wenye Subaru msinirukie, gari halina kosa. Upinzani wa upepo hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kwenye msongamano upepo si kitu. Kinachokula mafuta ni kusimamisha chuma na kukiondoa tena. Demio lina kilo 1030 hivi, Forester la umri ule linakaribia 1460. Kila tuta, kila matatu inayokukata mbele, asilimia 40 zaidi ya nguvu inageuka kuwa joto kwenye breki. Ukiendesha Nairobi unafanya hivyo mara mia kwa siku.

Ugonjwa huu tunaufahamu kazini. Unanunua seva ya kuhudumia watu elfu hamsini kwa sababu kuna siku moja ya matokeo ya KCSE, halafu siku 364 mashine inapiga miayo na wewe unalipa umeme. Mimi naenda Kinangop kama mara 14 kwa mwaka. Barabara inakuwa matope katika safari nne hivi. Safari nne! Na serikali nayo inakutoza kwa ukubwa huo huo usioutumia: gari linaloagizwa la 1500cc au chini hulipa ushuru wa bidhaa asilimia 20, ukivuka hapo ni asilimia 25, juu ya ushuru wa forodha ambao ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa magari hawapendi kulisema. SUV nyingi zinazouzwa hapa zinavutwa na magurudumu mawili tu ya mbele, sawasawa na Demio langu. CX-5 zipo za hivyo, X-Trail zipo, RAV4 zipo. Mnunuzi analipia urefu akidhani amenunua mvuto. Na hata lenye magurudumu manne yanayosukuma, kinachoshika ardhi ni tairi. Tairi la lami likijaa udongo wa Kinangop halina tofauti na chupa. Ile pikapu ya maziwa ilipita kwa sababu ya minyororo na dereva anayeijua ile njia.

Sasa niseme ukweli kuhusu urefu, maana hapo shemeji ana hoja. Demio liko milimita 145 kutoka ardhini, Forester 220. Ukipakia watu watano na gunia la viazi, Demio linakuna kila tuta lisilo na rangi, na hapa Kenya matuta mengi hayana rangi. Vijana wa jua kali watakuinulia gari kwa vipande vya mpira juu ya springi. Usikimbilie, kwa sababu shafti zinazozungusha magurudumu zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikuundiwa, na raba zake zinapasuka mapema. Kama unaishi Kajiado au Kitui, na kila siku unapita mawe na mikondo ya maji, hii makala si yako. Nunua gari la juu na usimwombe mtu radhi.

Mke wangu alileta swali gumu zaidi. "Tukigongwa na lori pale Kinungi, utakuwa unahesabu lita?" Sikuwa na jibu la haraka, na bado sina jibu kamili. Fizikia iko upande wake: magari mawili yakigongana, zito hutikisika kidogo kuliko jepesi. Lakini nilimwambia wa nje nao ni watu. Hapa Kenya wanaotembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaokufa barabarani. Mwaka 2023 taasisi ya IIHS ya Marekani ilichapisha uchunguzi kuhusu urefu wa boneti: magari yenye boneti inayozidi sentimita 102 kutoka ardhini yalikuwa na uwezekano wa asilimia 45 zaidi wa kumuua anayegongwa kuliko yale yenye boneti ya sentimita 76 au chini na pua iliyoinama. Sisemi Forester liko kwenye kundi hilo la juu. Lakini mwanangu ana miaka tisa, anatembea kwenda shule kando ya barabara ya Kamakis, na nimeona magari yanayopita hapo. Boneti za mengine zinamfika usoni. Mke wangu alinyamaza, kisha akasema basi safari za Kinangop tutakuwa tunatoka mapema, hakuna kuendesha usiku. Nikakubali.

Fomu ya SACCO sikuipeleka kama ilivyokuwa. Niliifuta laki nane nikaandika laki moja na nusu. Januari 2025, wakati wa kiangazi, tulimwaga malori sita ya mawe na changarawe kwenye zile mita mia tatu, tukachimba mitaro pande zote mbili na kuweka kalvati moja. Majirani wawili walichanga, wa tatu alitoa vijana wa kuchimba. Ndiyo, najua ni kazi ya kaunti. Niliwaandikia barua mbili. Kipande hicho sasa kinapita pikapu ya maziwa bila minyororo na bodaboda bila kusukumwa. Nikimnunulia mama gari la milioni tatu bado jirani yake angebebwa kwa machela.

Kilomita nyingine tatu na kitu bado ni udongo, na Demio halitapita huko mvua ikichachamaa. Kwa hiyo mimi na shemeji tuna mkataba: mara nne kwa mwaka ananiazima Forester, na yeye anachukua Demio kwenda nalo mjini. Sharti lake ni nirudishe tangi likiwa limejaa. Tangi la Forester ni lita 60. Juzi aliporudisha Demio aliniuliza, kwa sauti ya chini mke wake asisikie, kama ni kweli lilikaa siku nne bila kutiwa mafuta au geji imeharibika.