Damu Chooni: Tusiishie kwenye Minyoo

Ndugu zangu wa Bugendana, nanyi mlio Gitega mjini na Muyinga, nawaandikia juu ya jambo ambalo wazee wetu hulificha kwa haya: damu chooni. Mzee wa miaka 60 akiiona, jibu huwa limeshatolewa kabla hajafika kituo cha afya: ni minyoo, au ni amiba. Anameza albendazole au metronidazole, anarudi shambani. Jibu hilo si la kipuuzi. Aliyelima mpunga peku miaka yote katika mabonde yanayomwaga maji Ruvubu ana kila sababu ya kuwa na safura, na kichocho cha tumbo kipo Burundi. Minyoo itibiwe, ninachopinga ni kuishia hapo. Uvimbe wa saratani katika utumbo mpana hautoi damu kila siku. Damu hutoka, hukatika wiki kadhaa, kisha hurudi. Ikikatika baada ya vidonge, familia nzima husadiki kwamba dawa imefanya kazi, na mwaka unapita. Uvimbe ukiwa upande wa kulia, mara nyingi damu haionekani kabisa: mzee anapauka tu, anahema akipanda kilima, na lawama yote inabebeshwa safura.

Je, minyoo ndiyo inayoleta saratani hiyo? Sitaki kuwatisha bure. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, limekubali kwamba kichocho cha mkojo husababisha saratani ya kibofu. Kwa Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho cha tumbo, ambacho ndicho cha kwetu, halikuona ushahidi wa kutosha. Wengine watasema saratani ya utumbo mpana ni ugonjwa wa Wazungu. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba ulikuwa nadra Afrika, akataja chakula chetu chenye nyuzinyuzi kuwa sababu. Lakini rejista ya saratani ya Kampala imeuonyesha ukiongezeka tangu enzi zake, na hata ulipokuwa nadra ulikuwa ukiua.

Huku Flandria, Ubelgiji, mwenye miaka 50 hadi 74 hutumiwa kwa posta, kila miaka miwili, kijichupa cha kutia kinyesi kidogo ili itafutwe damu isiyoonekana kwa macho. Sidai kwamba tuige hivyo hivyo: penye safura na kichocho, wengi wangeonekana wana damu bila kuwa na saratani. Ninachoomba kinawezekana kwetu. Kinyesi kipimwe kwa darubini kabla ya dawa. Baada ya tiba mzee arudi, hata akijisikia vizuri, apimwe tena kinyesi na wingi wa damu mwilini. Damu ikiendelea kutoka, au akizidi kukonda, daktari amchunguze kwa kidole njia ya haja kubwa, kisha apelekwe kwenye kipimo cha kamera ya utumbo mpana. Ni mbali na ni ghali, najua. Basi sisi tulio ughaibuni, badala ya kutuma kila mara fedha za dawa ileile ya amiba, tulipie safari hiyo moja mapema.