Tuwafundishe Vijana Kutega, Wasiwe wa Kutegua Tu

Jua likishatua na mitambo ya umeme ya Kipevu ikabaki kunguruma kando ya maji, vijana wa mtaa huo na wenzao wa Chaani na Port Reitz huwa na baraza lao jingine, baraza lisilokuwa na mkeka wala kahawa. Hukutana katika simu. Mmoja hutupa swali, wengine wakakimbilia kulijibu: Mji mkuu wa Mongolia ni upi? Pweza ana mioyo mingapi? Nani aliyeshinda Kombe la Dunia mwaka wa 1930? Anayetangulia hupewa alama, anayekosea huchekwa, kisha swali jingine hufuata lisilokuwa na uhusiano wowote na lile lililotangulia. Mchezo huo huwakusanya marafiki ambao huenda hawajaonana ana kwa ana kwa miaka mingi, maana mmoja yuko Changamwe, wa pili yuko chuoni Nairobi na wa tatu ameajiriwa Doha au Muscat.

Wapo wazee na walimu wanaouona mchezo huu kuwa upuuzi mtupu. Wapo nao wanaousifu kupita kiasi, wakidai kwamba vijana wanajielimisha bila ya kusukumwa. Rai yangu ni kwamba mchezo wenyewe ni mwema, tena ni wa jadi yetu, ila umepoteza nusu yake iliyo bora. Nusu hiyo ndiyo ninayotaka kuijadili.

Tuanze na jina. Waingereza na Wamarekani huyaita maswali ya namna hii “trivia”. Neno hili lina asili ya Kilatini, na maana yake ni mahali zinapokutana njia tatu. Kwa Kiswahili tungesema njia panda. Ni yale mambo madogo ambayo watu hupashana wanapokutana njiani kabla ya kila mmoja kushika njia yake. Mkazi wa Kipevu hana haja ya kufafanuliwa maana hiyo. Na asimame tu katika mzunguko wa barabara wa Changamwe asikilize yasemwayo na makondakta, wachuuzi na wapita njia. Mambo madogo si lazima yawe mambo duni.

Sisi nasi tulikuwa na mchezo wetu wa maswali na majibu kabla ya simu kubuniwa. Mtegaji husema, “Kitendawili!” Wenzake huitikia, “Tega!” Akishatega, kila mmoja hubahatisha. Wakishindwa, mtegaji hudai mji. Nao humwambia aende Lamu, au Unguja, au kokote watakako. Huenda huko kwa maneno, akarudi na jibu. Mambo hayo hayakuwa ya watoto peke yao. Hapa Mombasa, Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka wa 1840, alitunga mashairi ya mafumbo na ya kujibizana, wakati ambapo Mvita na Lamu zilikuwa na uhasama wa kisiasa. Kutega na kujibu kulikuwa silaha ya watu wazima. Mashairi hayo yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor, hata William Hichens akayachapisha kama diwani mwaka wa 1940.

Hapa lugha yenyewe inatupa somo. Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo hugeuza maana ya kitenzi ikawa kinyume chake: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Tega na tegua ni jozi ya namna hiyo hiyo. Mwenye kutega hutega mtego, na mwenye kutegua huufyatua au huuondoa. Zingatia basi kwamba kutegua hakuwezi kutokea kabla ya kutega. Anayetega ndiye anayefanya kazi ya kwanza na iliyo ngumu zaidi: hana budi kukijua kitu vizuri, akakigeuza upande ambao mwenzake hakuuzoea, akaficha jibu bila ya kulifukia. Aliyesema kwamba nyumba yake kubwa haina mlango alikuwa amelitazama yai kwa makini kuliko wengi wanaolila kila asubuhi.

Ni nini basi kilichoharibika katika baraza la simu? Ni kwamba wategaji wamekwisha. Yamkini maswali mengi yanayopita huko hayakutungwa na anayeyauliza. Yamenakiliwa kutoka katika orodha zilizoandaliwa ng’ambo, mengi yakiwa kwa Kiingereza, na jibu limebandikwa chini yake. Anayejibu naye anaweza kulisaka jibu katika intaneti, au kuiuliza programu ya akili unde, akalipata kabla mwenzake hajamaliza kusoma swali. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyenakili swali hujibiwa na mtu aliyenakili jibu, na baina yao hapana aliyefikiri. Mshindi huwa ni yule mwenye simu nyepesi na fedha za kununua data.

Lakini tusiwalaumu vijana peke yao, kwani shule zetu ndizo zilizowalea hivyo. Tangu mwaka wa 1985 hadi 2023, mtihani wa KCPE ulivizoesha vizazi vya watoto wetu, ukiondoa insha, kuchagua herufi moja kati ya nne. Mwalimu na mtungaji wa mtihani walitega, mwanafunzi alitegua. Mtoto aliweza kumaliza miaka minane ya shule ya msingi akiwa amejibu maelfu ya maswali pasipo kutakiwa kutunga hata moja. Mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka wa 2017, umeahidi kumfanya mwanafunzi awe mtafiti. Ahadi hiyo itabaki katika karatasi iwapo mwalimu ataendelea kuwa mtegaji wa pekee darasani.

Sasa natuiangalie Kipevu kwa jicho la mtegaji. Je, kwa nini kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, kilichofunguliwa mwaka wa 1963, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka wa 2013, ilhali meli za mafuta hazikuacha kuja? Swali hili halijibiwi kwa neno moja. Linamtaka kijana ajue tofauti ya mafuta ghafi na mafuta yaliyosafishwa, aelewe kwamba mitambo ya zamani ilishindwa kushindana na mafuta yanayoagizwa yakiwa tayari, na atambue kazi ya gati jipya la mafuta lililozinduliwa Kipevu mwaka wa 2022, lenye uwezo wa kuhudumia meli nne kwa wakati mmoja. Au aulize: Ni kitu gani kilichopita chini ya bahari kikatua Mombasa mwaka wa 2009, na bila ya aina yake mchezo wetu huu ungekuwa wa kukwama kwama? Jibu ni nyaya za mawasiliano za SEACOM na TEAMS. Kijana anayeulizia Mongolia anatumia njia iliyoingia nchini kupitia mji wake mwenyewe, na huenda hajaambiwa.

Lugha nayo ina hazina yake. Muulize mwenzio: Katika Kimvita, ndoo ya kumwita mtu na ndoo ya kutekea maji zina tofauti gani? Katika maandishi ni mamoja, lakini Mmvita halisi huzitenganisha kwa mahali ulimi unapogusa anapotamka sauti ya d. Ya kwanza ni ya menoni, nayo ndiyo inayolingana na “njoo” ya Kiswahili Sanifu, kama “ndia” inavyolingana na “njia” na “ndaa” na “njaa”. Swali hili halitatuliwi kwa kutazama herufi katika kioo cha simu. Litamlazimu kijana amwendee bibi au babu yake, akamtegee sikio. Nalo sikio, kama ujuavyo, hutegwa pia.

Pengine nitaambiwa kwamba nataka vijana wajifungie katika mtaa wao na kuusahau ulimwengu. Sivyo hata kidogo. Ulaanbaatar ni jibu lenye faida iwapo litafuatwa na swali la pili. Kwa mfano, anayeulizia miji mikuu na aulize pia kwa nini makao makuu ya utawala wa Waingereza yalihamishwa kutoka Mombasa kwenda Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo itabidi reli itajwe, iliyofika Nairobi mwaka wa 1899, na itajwe pia tamaa ya ardhi ya nyanda za juu. Swali la mji mkuu limekuwa swali la historia, uchumi na dhuluma. Jambo dogo la njia panda limefungua njia tatu.

Nini basi la kufanya? Kwenu vijana, nashauri mchezo uendelee, ila anayeuliza asidai alama mpaka aeleze kwa nini jibu lake ni sahihi. Na katika kila maswali matatu, moja liwe limetungwa na muulizaji mwenyewe kutokana na kile alichokiona, alichokisikia au alichoambiwa na mkubwa wake. Na liulizwe kwa Kiswahili. Mkishindwa, mpeni mji, naye akirudi asilete jibu pekee bali alete na kisa chake.

Kwenu walimu wenzangu, angalau mara moja kwa juma waachieni wanafunzi watunge maswali ya somo mlilofundisha, kisha muyasahihishe maswali hayo kama mnavyosahihisha majibu. Kutunga majibu matatu ya uongo yanayokaribia ukweli ni kazi inayofichua mara moja nani ameelewa na nani amekariri.

Tangu mwaka wa 2022 tumekuwa tukiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai, kwa hotuba na nyimbo. Ni vyema. Hata hivyo, lugha haikui kwa kusifiwa tu. Hukua pale wenyewe wanapoitumia kuuliza mambo ambayo hayajaulizwa. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Mashine za kujibu zimekuwa nyingi na zitazidi kuongezeka. Kijana wa Kipevu asipofunzwa kutega, atabaki akitegua mitego ya watu wengine maisha yake yote.