Ripoti ya benki isiishie kwenye madawati

KILA mwaka benki kubwa nchini hutoa taarifa ya namna zilivyoisaidia jamii na kutunza mazingira. NMB na CRDB zimejiwekea utaratibu wa kutenga asilimia moja ya faida baada ya kodi kwa kazi hiyo. Fedha hizo hununua madawati, mabati na vitanda vya hospitali. Meneja wa kanda hukabidhi, mkuu wa wilaya hupokea, picha hupigwa na habari huingia kwenye ripoti.

Hakuna mzazi wa Same atakayekataa dawati. Lakini hesabu haihitaji mtaalamu. Mwaka 2022 faida ya NMB baada ya kodi ilizidi shilingi bilioni 400. Asilimia moja ya kiasi hicho ni bilioni nne na ushei, tena kwa nchi nzima. Mikopo ya benki hiyo hiyo mwaka huo ilikuwa ya matrilioni. Anayetaka kujua benki inaifanyia nini jamii aache kuhesabu madawati, aangalie mikopo: amepewa nani, kwa riba gani na kwa dhamana ipi.

Hapo ndipo ripoti hizi huwa na maneno mengi na takwimu chache. Msomaji huambiwa kwamba wakulima kadhaa wamefikiwa. "Kufikiwa" ni neno pana. Mtu aliyefunguliwa akaunti amefikiwa, aliyehudhuria semina ya siku moja na kupewa soda amefikiwa, na aliyepata mkopo naye amefikiwa. Watatu hao hawakupata kitu kimoja.

Mchukulie mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba. Zao lake hukaa shambani miezi minane hadi kumi. Akikopa leo na kutakiwa kuanza marejesho mwezi ujao, atauza mbuzi ili alipe, au atachukua fedha kwa dalali na kumwahidi tangawizi ikiwa bado changa, kwa bei anayoitaka dalali. Ripoti yenye maana kwake ingeeleza ni mikopo mingapi ya kilimo inayolipwa baada ya mavuno, na mingapi inayolipwa kila mwezi kama ya mtumishi mwenye mshahara.

Suala la dhamana nalo ni hivyo hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliruhusu wanakijiji kupata hatimiliki za kimila, na wananchi wakaambiwa hati hizo zitawafungulia milango ya benki. Basi benki iandike: mwaka huu zimekuja hati za kimila ngapi, zimekubaliwa ngapi.

Riba imeshuka, na hilo lisemwe kwa haki. Baada ya hatua za Benki Kuu za mwaka 2021, benki hizo mbili zilitangaza mikopo ya kilimo kwa asilimia 9, wakati miaka ya nyuma mkulima alizoea kusikia asilimia 17 hadi 20. Hata hivyo kilimo, kinachochangia zaidi ya robo ya pato la taifa, kwa miaka mingi kilipata chini ya asilimia 10 ya mikopo ya mabenki. Na ndani ya neno "kilimo" wamo pia wenye maghala, viwanda na wasafirishaji wa mazao. Mwenye ekari moja ya mpunga Ndungu ni mtu mwingine kabisa, na ripoti imtenge kwa mstari wake.

Upande wa mazingira fedha si haba. Mwaka 2023 CRDB iliuza hatifungani ya Kijani na NMB ikauza ya Jamii, na zote zilipata wanunuzi wengi kuliko ilivyotarajiwa. Huku Upareni mazingira si mada ya semina. Novemba 2009 maporomoko ya udongo Mamba Miamba yaliua watu zaidi ya 20. Tambarare za Makanya na Hedaru hutegemea maji yanayoshuka kutoka milimani, na wazee walichimba ndiva kuyahifadhi muda mrefu kabla ya benki yoyote kufungua tawi. Swali la Same ni dogo: katika mabilioni hayo ya kijani, kuna ndiva iliyokarabatiwa? Kuna mkulima wa mteremkoni aliyekopeshwa ajenge makingamaji?

Wapo watakaosema takwimu za wilaya ni siri ya biashara na kuzikusanya ni gharama. Siri ya mteja mmoja ilindwe, lakini jumla ya wilaya haimtaji mtu. Na takwimu zipo tayari, kwani hakuna meneja wa tawi asiyejua amekusanya amana kiasi gani na amekopesha kiasi gani. Mkopaji akichelewa kulipa, jina lake hupelekwa kwenye taasisi za taarifa za wakopaji na mabenki yote huliona. Benki yenyewe hujiandikia ripoti yake, tena aghalabu kwa Kiingereza, ikachagua na picha.

Ukurasa mmoja wa Kiswahili ukibandikwa ukutani tawini Same ungetosha. Wapare, ambao watani wao husema watauza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku, wangeusoma hadi nukta ya mwisho.

Ipo njia ya kuanzia. Hisa za NMB ziliingia soko la Dar es Salaam mwaka 2008 na za CRDB mwaka 2009, na walionunua ni pamoja na walimu, wafanyabiashara wadogo na vyama vya akiba na mikopo. Mkutano mkuu wa CRDB kwa miaka mingi umefanyika Arusha, safari ya basi ya saa chache kutoka Same. Mwenye hisa chache ana haki ya kunyoosha mkono na kuuliza: mwaka uliopita wilaya ya Same iliweka benki kiasi gani, na kati ya hizo zilizorudi kukopeshwa Same ni kiasi gani?