Maumivu baada ya upasuaji wa korodani: tusiyafiche

Ndugu zangu, hasa wanaume wenzangu, leo naomba tuongee jambo ambalo wengi hulinyamazia: maumivu ya korodani yasiyoisha baada ya upasuaji wa varikosili.

Varikosili ni kutanuka kwa mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye korodani, mara nyingi upande wa kushoto. Kati ya wanaume 100, kama 15 wanayo, na wengi wao hawasikii shida yoyote. Anayeumwa sana, au aliyechelewa kupata mtoto, anaweza kupasuliwa ili mishipa hiyo ifungwe. Wengi hupona. Uchungu na uvimbe kidogo siku za kwanza ni kawaida. Lakini wiki zikipita na bado unaumwa, kuna sababu, nayo si uchawi.

Kidonda kinaweza kuwa kimeingia vijidudu, au damu imevilia ndani. Maji yanaweza kujaa kuzunguka korodani, yaani busha, hata miezi mingi baadaye. Mshipa uliobaki unaweza kutanuka tena. Neva iliyoguswa huleta maumivu ya kuwaka au ganzi hadi pajani. Mara chache, mshipa unaopeleka damu huumia na korodani husinyaa. Tena huenda varikosili haikuwa chanzo tangu mwanzo: ngiri, mawe ya figo, kisonono na klamidia huweza kuuma mahali palepale.

Kila sababu ina njia yake ya kutibiwa. Kwa hiyo napinga tabia ya kununua vidonge vya maumivu dukani kila wiki. Vikitumiwa ovyo huumiza tumbo na figo, na ugonjwa unabaki palepale.

Najua kwa nini tunaficha. Hapa Mpondwe wanaume wengi hula kwa jasho la mgongo: kubeba magunia siku ya soko, kusukuma baiskeli yenye mzigo kuelekea Kasindi. Ukisema unaumwa, kazi inapewa mwingine. Na muuguzi huenda ni shemeji yako. Lakini Juni 2019, Ebola ilipoingia Kasese kutoka Kongo, tulihimizana kusema mapema bila aibu. Mbona kwa korodani tunanyamaza?

Maoni yangu ni haya. Aliyepasuliwa asibebe mzigo mzito mpaka daktari amruhusu. Majirani wamsaidie kuteka maji, kutafuta kuni na kubeba mgao wa chakula. Mama wa nyumbani asimcheke. Sisi wahudumu wa kujitolea tumuulize faraghani, si mbele ya watoto. Na vituo vya afya vimpe mwanaume nafasi ya kuonana na mhudumu mwanaume akiomba.

Ukiumwa, rudi kituoni na karatasi yako ya upasuaji. Eleza maumivu yalianza lini na yanazidi ukifanya nini. Nchini Uganda mkimbizi ana haki ya kutibiwa katika vituo vya serikali sawa na raia.

Homa, usaha au uvimbe unaokua haraka: nenda siku hiyohiyo. Maumivu makali ya ghafla, hasa pamoja na kutapika: nenda saa hiyohiyo, hata usiku. Korodani ikijisokota, inaweza kufa ndani ya saa 6 hivi.

Kusema si udhaifu. Familia inakutegemea ukiwa mzima.