Dawa za Baraka zipimwe kwa mwanga

Kidonge cha malaria kinachouzwa Baraka au Fizi huenda kimevuka Ziwa Tanganyika kwa boti, au kimeletwa kwa barabara ya Uvira. Mnunuzi hana cha kukagua ila boksi, na boksi lolote linaweza kuigwa.

Ituri ililipia jambo hilo. Kuanzia mwishoni mwa 2014 hadi Agosti 2015, mamia ya watu walifikishwa hospitalini shingo zimekakamaa, nyuso na ndimi zinajipinda. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Kumbe walikuwa wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepamu, na ndani mlikuwa na haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili.

Njia ya kugundua udanganyifu wa namna hiyo ipo. Molekuli za kila dawa hutetemeka kwa namna yake. Kidonge kikimulikwa kwa leza, sehemu ndogo mno ya mwanga hurudi ikiwa imebadilika rangi, na badiliko hilo hutaja dawa iliyomo. Mwanasayansi wa India, C. V. Raman, alilibaini mwaka 1928. Leo kifaa chake hushikwa mkononi na Nigeria imekitumia kukagua dawa sokoni.

Kina udhaifu wake. Rangi ya kidonge inaweza kung'aa na kufunika ishara, na dawa iliyomo kwa kiasi kidogo huweza kukiponyoka. Wanafizikia wana njia kali zaidi: leza mbili ambazo tofauti ya nishati yao hulingana na mtetemo wa molekuli, hivyo molekuli zikatetemeka kwa pamoja na kutoa ishara yenye nguvu. Ila mitambo hiyo hudai umeme usiokatika na wataalamu wa kuirekebisha kila mara. Kuingojea Baraka ni kupoteza muda.

ACOREP, mamlaka ya dawa ya taifa, na serikali ya Kivu ya Kusini ziweke kifaa kimoja cha mkononi Baraka, penye shehena za ziwani, pamoja na mtu aliyefunzwa na chaji ya sola. Bei yake haizidi sana ya gari la ofisi. Ukaguzi uanze kwa wauzaji wa jumla, si kwa mama mwenye meza sokoni, ambaye tayari anatozwa vya kutosha. Vidonge vya kutiliwa shaka vipelekwe maabara, na majibu yafike kwa wauguzi wa Fizi kabla dawa haijaisha rafuni.