Mlevi Apelekwe Zahanati, Si Mahabusu

Ndugu zangu wa Tabora, pombe si mgeni kwetu. Tangu mji huu ulipoitwa Kaze, wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe na vitambaa kati ya Bagamoyo na Ujiji waliijua pombe ya mtama. Misitu ya miombo ikatupa asali, na asali ikatupa wanzuki. Ninachowasihi tukitazame upya ni namna tunavyomshughulikia aliyeshindwa kuiacha.

Kwa gongo, pombe kali ya kukenekwa iitwayo pia moshi, tulitegemea sheria. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 ilikataza kuitengeneza pasipo leseni, lakini gongo ipo mpaka leo. Askari huvamia, humwaga madumu na kumkamata mama mpikaji. Mama yule alikuwa akipika apate sare na madaftari ya watoto. Akitoka hupika tena, safari hii apate na cha kulipia faini. Na mnywaji naye hurudi palepale.

Mtazameni mnywaji huyo alfajiri. Mkono unatetemeka hata chai inamwagika kikombeni, na jasho linamtoka kabla jua halijachomoza. Akipata funda mbili za gongo, mkono unatulia. Huyo hanywi tena kwa raha. Anakunywa ili asiugue. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla, katika siku mbili tatu za mwanzo mtu aweza kuweweseka, kupata degedege na hata kufa. Kumfungia mtu wa namna hiyo mahabusu bila dawa ni kuchezea roho yake.

Shirika la Afya Duniani limeuweka utegemezi wa pombe katika orodha ya maradhi, na lilikadiria kuwa mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6 duniani. Nasi Watanzania njia ya tiba tunaijua: mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa methadoni watumiaji wa heroini. Ikiwa mtumiaji wa heroini alifunguliwa mlango wa hospitali, mnywa gongo wa Urambo au Sikonge amekosa nini?

Wapo watakaosema kumwita mlevi mgonjwa ni kumwachia afanye atakavyo. La hasha! Anayempiga mkewe ashitakiwe kwa kipigo. Anayeendesha bodaboda akiwa amelewa anyang'anywe leseni. Anayechanganya spiriti ya viwandani katika kinywaji asionewe huruma, maana methanoli ikifika kwenye ini hugeuka sumu inayopofusha na kuua. Sheria iwaandame hao kwa matendo yao. Kiu ya mgonjwa iachiwe mganga.

Basi, mganga wa zahanati amuulize kila mgonjwa habari za pombe kama anavyompima shinikizo la damu. Hospitali ya Kitete itenge vitanda vya kuwaachisha watu pombe chini ya uangalizi. Halmashauri ziwape mama wapikaji mitaji ya mizinga ya nyuki na biashara halali. Masheikh na mapadri, pamoja na kukemea dhambi, wamshike mkono mgonjwa wampeleke kwenye tiba. Nawe msomaji, mwenye ndugu anayetetemeka asubuhi, usimfiche ndani kwa aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mpeleke akatibiwe leo, angali hai.