FEDHA ZA ULINZI SI HASARA



Siku hizi wengi wetu hatupokei mshahara ndani ya bahasha. Waingia benki, kisha wahamia simu ya mkono, na akiba yetu ya SACCO yapita njia hiyo hiyo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, kazi hii imeenea hata kwa muuza mboga. Ni jambo jema, nasi hatulipingi.

Lakini hesabu zinaposomwa katika mkutano mkuu, kuna jambo moja ambalo wengi hulinung'unikia: fedha za kulinda kompyuta. Mtu husimama akauliza, "Mbona hizi zisiingizwe katika faida tukagawana?" Naye hupigiwa makofi. Twasema kwa heshima, makofi hayo ni ghali.

Tazameni yaliyoipata Benki Kuu ya Bangladesh. Mwezi wa Februari 2016 wezi waliingia katika kompyuta zake, wakatuma amri za uongo New York ili zitolewe karibu dola milioni 951. Nyingi zilizuiwa, lakini milioni 81 zilifika Ufilipino, na miaka mingi baadaye sehemu kubwa ilikuwa haijarudishwa. Mpelelezi wa polisi alisema ya kwamba benki iliunganisha kompyuta zake kwa vifaa vikuukuu vya dola 10. Gavana alijiuzulu. Hayo ndiyo matunda ya kubana fedha mahali pasipofaa.

Walakini tusidhani ya kuwa fedha peke yake zatosha. JPMorgan, benki kubwa ya Marekani, ilitangaza mwaka wa 2014 kwamba ulinzi wa kompyuta utaigharimu zaidi ya dola milioni 250 kwa mwaka. Mwaka huo huo wezi walichukua majina na anwani za nyumba milioni 76. Ilielezwa kwamba kompyuta moja ilisahauliwa bila kufuli la pili.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, kamati isifungue huduma mpya ya simu kabla ya ulinzi wake kulipiwa na kujaribiwa. Faida ya huduma hiyo yatoka katika imani: mtu akiamini huweka, akiogopa huja kutoa zote. Pili, makarani wote wafundishwe, wala asitwikwe lawama karani aliyenyimwa mafunzo. Tatu, kamati itueleze kwa Kiswahili chepesi fedha za ulinzi zimenunua kitu gani. Tusiambiwe tu ya kwamba zimetumika.

Nasi kwa upande wetu tuwe tayari kupokea mgao mdogo kidogo mwaka huu. Jee, ni nani kati yetu atakayeuza kufuli la mlango wake ili anunue nyama? Atashiba jioni moja, na usiku hatalala.

Njooni mkutanoni, mpige kura kwa akili.